Hilux ya 22R: kubadili silinda hedi na kufunga EFI badala ya kabureta, hatua kwa hatua toka hapa Tanga

Mwenye Hilux ya kabureta hapa Tanga anaijua hii hali. Ukiwa Ngamiani au unaenda Sahare gari iko poa kabisa, ila siku ukipata safari ya Amani, ukishaiacha Muheza ukaanza kupanda, mguu unakandamiza lakini gari haiendi, moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka ndani. Lushoto ndo usiseme, kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Sababu ni moja tu: juu hewa nyepesi, kabureta uliyoiseti huku ufukweni haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta yale yale. EFI (mfumo wa injekta kupuliza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta) inapima hewa inayoingia, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosti inairekebisha ikizidisha au ikipunguza, ndo mana watu wengi wanataka kuhama.

Nimefanya hii kazi kwenye Hilux yangu na za watu wengine, zote 22R, ile injini ya lita 2.4 (cc 2366, pistoni 92 mm, stroki 89 mm). Ntaeleza nnavyofanya mimi. Na nianze na kitu ambacho wengi wanakielewa kinyume: wanadhani ugumu uko kwenye hedi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku. Hedi ni kazi ya fundi yeyote aliyetulia. Gari nyingi zilizobadilishwa EFI zikarudishwa kabureta zimeshindwa kwa vitu viwili, njia ya mafuta kurudi tenki na waya za earth. Kwa hiyo huko kwa mbele ntakaa sana.

Kabla hujanunua chochote

Pima kompreshen kwanza. Injini ya moto, toa plagi zote nne, kanyaga resi mpaka mwisho, piga stata. 22R nzima inatoa kama psi 171, chini ya 142 imechoka, na silinda na silinda zisitofautiane zaidi ya 14. Silinda ikiwa chini mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda basi ni ringi, hapo hedi mpya haitakusaidia kitu, utafunga hedi nzuri juu ya pistoni zinazokula oili na ile oili itaenda kuiua sensa ya oksijeni. Fanya injini yote au subiri upate hela.

Pili, jua injini yako ni ya lini. Toyota waliibadilisha 22R mwaka 1985, bloku ikawa fupi kidogo kwa juu. Taimingi cheni yenyewe ilishatoka kwenye safu mbili na gaidi za chuma ikaja safu moja na gaidi za plastiki kabla ya hapo, kama 1983. Hedi ya kabla na hedi ya baada usizichanganye. Cheni ya safu moja peke yake haitakwambia, iko kabla na baada ya 1985, kwa hiyo hakikisha mwaka wa injini. Hedi unayonunua iendane na hiyo.

Tatu, na hili ndugu yangu nisikilize, usinunue kimoja kimoja. Watu wanaenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, wanapata hedi kwa huyu, injekta kwa yule, kontroboksi (kompyuta ya injini) ya gari nyingine, wayaringi imekatwa katwa, wanarudi Tanga na gunia la vitu ambavyo havijuani. Tafuta 22R-E (22R iliyotoka kiwandani na EFI) moja kamili: hedi, manifodi ya juu na ya chini, throtobodi, reli na injekta zake, eaflo mita (kipima hewa inayoingia) pamoja na boksi la eakilina, distributa na igniter yake, koili, kontroboksi, rela mbili, resista ya injekta kama ipo, na wayaringi nzima bila kukatwa soketi hata moja. Ukipata na tenki lake na pampu ndani chukua usifikirie mara mbili. Angalia tu wayaringi imetoka kwenye gari ya usukani gani, zile za Dubai nyingi usukani kushoto na kontroboksi inakaa upande wa pili, waya zitakuja fupi na itabidi urefushe.

Kwanini resista ya injekta? Kuna injekta za omu ndogo, 2 au 3 hivi, na kuna za omu kubwa karibu 14. Zile ndogo zinahitaji resista njiani, ukizifunga bila resista unaunguza kontroboksi. Mita ya kawaida ya umeme inatosha kukwambia unayo ipi, pima zote nne ziwe sawa.

Na faida moja ya kubaki na bloku yako, namba ya injini iko kwenye bloku, kadi ya gari inabaki ilivyo.

Kufungua

Toa terminal ya betri. Mwaga maji yote, ya redieta na ya bloku pia. Zungusha krenki kwa spana, kulia tu usirudishe nyuma, mpaka pistoni namba moja iko juu kwenye kompreshen, alama ya puli iko 0 na pini ya kamshafti iko juu saa sita. Piga picha. Piga picha za kila kitu, kila mpira wa vakyumu, utanishukuru.

Toa distributa, kabureta na manifodi yake, ekzosti, kava ya valvu. Mbele ya kamshafti kuna bolti moja kubwa inashika gia ya distributa na kile kikamu kinachosukuma pampu ya mafuta. Fungua, sproketi iteremshe taratibu ikae juu ya cheni, ifunge na waya isilegee, mana cheni ikidondoka tenshena inaruka nje na hapo unafungua mbele yote.

Sasa sikiliza hapa. Pale mbele chini ya gia ya distributa kuna kidimbwi cha oili, na ndani ya hicho kidimbwi imejificha bolti ndogo ya spana 12, inashika hedi na kava ya cheni. Haionekani mpaka ufyonze oili kwa kitambaa. Hedi ya kwanza niliyotoa maishani sikuijua hiyo bolti, bolti kumi nimetoa, hedi haitoki, nikachukua mtaimbo nikaikwanyua, sikio la kava ya cheni likapasuka. Nilikaa wiki mbili nasubiri kava nyingine. Kwa hiyo ukiona hedi imegoma usitie nguvu, rudi pale mbele uangalie.

Bolti kumi kubwa zinafunguliwa kwa awamu, kuanzia pembeni kuja katikati, robo robo, injini ikiwa imepoa kabisa. Hedi ya alumini ukiifungua ya moto inapinda. Hizo hizo bolti ndo zinashika na roka zote, ukizitoa seti ya roka inakuja nzima, ipokee kwa mikono miwili.

Hedi ikitoka angalia kava ya cheni kwa ndani na tochi. Gaidi za plastiki zikivunjika cheni inapiga kava, inaikata mpaka inafika kwenye njia ya maji na maji yanaingia kwenye oili. Ukiona mkwaruzo hapo badili cheni, gaidi na tenshena sasa hivi wakati kuko wazi. Wateja wengi wananiambia fundi tuache tutafanya siku nyingine. Mimi kwa hili huwa nakataa kazi.

Hedi mpya kabla ya kuikalisha

Ya mtumba usiifunge kama ilivyokuja, hata ikiwa inang'aa. Ipeleke mashineni wapime ufa kwa presha, hasa katikati ya viti vya valvu. Weka rula ya chuma iliyonyooka uso wa chini, pitisha fila geji, ikizidi 0.15 mm inatakiwa kukatwa uso. Uso wa bloku mwisho ni 0.05. Saga valvu, weka sili mpya za valvu, hii haina mjadala.

Angalia matundu ya kuingizia hewa pia. Hedi ya EFI ina kichanja kidogo kwenye mdomo wa juu wa kila tundu, pale ndo injekta inapopulizia. Ukiuziwa hedi bila hicho kichanja mafuta yanapiga ukuta yanadondoka, gari inakua ngumu kuwaka asubuhi na utahangaika na sensa bure. Na hedi ya EFI haina pampu ya mafuta pembeni, kwa hiyo kile kikamu cha pampu hakirudi, inakaa pleti ya 22R-E yenyewe. Ukiisahau hiyo pleti kamshafti inacheza mbele nyuma.

Safisha uso wa bloku kwa kikwanguo cha plastiki au mbao. Matundu ya bolti yapulize na upepo mpaka yakauke. Maji au oili ikibaki mle chini bolti inabana maji, toki renchi inalia tiki unadhani imekaza kumbe hedi iko huru, au mbaya zaidi bloku inapasuka.

Gasketi nunua nzuri, hapa usibane. Weka gasketi meka kidogo tu kwenye kona mbili za mbele, pale bloku inapokutana na kava ya cheni, kwengine kote kavu. Shusha hedi, panga roka, paka bolti oili kidogo kwenye nyuzi, kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu tatu, mimi naenda 30, halafu 55, namaliza Nm 78. Usikaze kwa mazoea ya mkono, hata kama una miaka ishirini gereji. Kisha ile bolti ya kujificha, kama Nm 13 tu. Rudisha sproketi, pini ya kamshafti saa sita, puli kwenye 0, zungusha injini kwa mkono mara mbili nzima uone alama zinarudi pale pale. Ikigonga simama.

Valvu seti inteki 0.20 mm, ekzosti 0.30, hivi ni vipimo vya injini ya moto, kwa hiyo sasa unaseti ya kuwashia tu, utarudia. Vile vizibo vya mpira vya nusu mwezi kwenye kingo za hedi vipake gasketi meka, vinavujisha sana, na kwenye EFI kuvuja kwa hewa ni shida kubwa kuliko kuvuja kwa oili, ntakueleza mbele.

Mafuta

Kabureta inaishi na psi 3 au 4 za pampu ya kwenye hedi. EFI ya 22R-E inataka kama 38 mpaka 44 pampu ikizunguka. Hii ni tofauti ya usalama wako. Mpira wa kawaida wa petroli uliokua kwenye kabureta utapasuka, na utapasukia juu ya ekzosti. Toa mipira yote ya zamani, weka mipira ya EFI yenye maandishi ubavuni, na klipu zinazobana duara nzima, sio zile za nyuzi zinazokata mpira. Filta iwe ya chuma ya EFI. Na fire extinguisha iwepo karibu siku ya kuwasha.

Njia za mafuta ni mbili, kwenda na kurudi. Pampu inasukuma muda wote zaidi ya injini inavyotaka, regyuleta mwisho wa reli inashika presha na kinachobaki kinarudi tenki. Wengine wanaziba njia ya kurudi au wanairudisha kwenye mpira wa kuvuta karibu na pampu. Matokeo: presha inapanda juu, mafuta yanazunguka eneo dogo yanachemka, na kwa joto la Tanga mwezi wa pili gari inazima saa saba mchana inawaka tena magharibi. Hilux nyingi za 22R tayari zina bomba la kurudi kwenye chasisi mana pampu ya kabureta ina nipeli tatu. Litumie, lakini kwanza lipulize mpaka tenki usikie mapovu, lile bomba likikaa miaka kwa chumvi yetu hii linaoza kwa ndani.

Pampu bora ikae ndani ya tenki la EFI. Kama hukupata tenki, funga pampu ya nje kwenye chasisi, chini ya usawa wa tenki na karibu nalo, mana hizi pampu zinajua kusukuma, kuvuta haziwezi. Filta ndogo kabla yake. Tatizo litabaki moja, tenki la kabureta halina ukuta ndani, mafuta yakiwa robo ukakata kona ya kwenda juu pampu inavuta hewa gari inakata. Ukiwa na safari za milimani jaza zaidi ya nusu.

Umeme

Tandaza wayaringi chini, andika kila soketi kwa makaratasi. Sehemu kubwa inajichomeka yenyewe, kila sensa na soketi yake. Kazi yako ni kuiunganisha na gari kwenye waya chache: umeme wa betri wa kudumu, umeme wa swichi ikiwa on, umeme wa stata wakati wa kupiga, taa ya check engine (funga balbu hata ndogo kwenye dashibodi usiiruke), pampu ya mafuta, na earth.

Pampu usiifunge moja kwa moja kwenye swichi. Najua ni rahisi. Toyota wameweka rela maalum, na ndani ya eaflo mita kuna swichi ndogo, injini ikivuta hewa kibawa kinafunguka pampu inazunguka, injini ikizima pampu inasimama. Ukipindua gari, Mungu aepushe, na pampu iko kwenye swichi, inaendelea kumwaga petroli kwenye gari iliyolala. Iache ifanye kazi ilivyotengenezwa. Ukitaka kuijaribu kuna kile kiboksi cha kupimia kwenye injini, unganisha Fp na +B kwa kiwaya, swichi on, pampu italia.

Sasa earth. Waya za earth za kontroboksi zinafungwa kwenye manifodi. Nilipata Hilux moja inabeba samaki toka Pangani, imefungwa EFI na fundi mwingine, inamisi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga resi) inapanda inashuka, siku nyingine haina tatizo lolote. Mwenye gari alishanunua injekta nne, eaflo mita na kontroboksi ya pili, hela nyingi wallahi, na gari ndo chakula cha watoto. Nikapima volti kati ya manifodi na nguzo hasi ya betri injini ikiwaka, nikapata karibu volti moja nzima. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Manifodi ilipakwa rangi ya kupendeza na earth imefungwa juu ya rangi, halafu ule mkanda wa earth wa injini kwenda bodi umeliwa kijani chote kwa maji ya chumvi. Nikakwangua rangi, nikafunga mkanda mpya, na wa pili toka hedi kwenda betri moja kwa moja. Gari ikatulia siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo sisi wa pwani: kila earth kwangua mpaka chuma cheupe, funga, kisha paka grisi juu. Maungio ya waya piga lehemu na ufunike kwa bomba la kunywea kwa joto, usisokote na kufunga solotepu. Ukikata waya ukakuta shaba imekua kijani au nyeusi, kata tena nyuma mpaka uione nyekundu.

Sensa ya joto ya maji ipime kabla hujafunga: ya baridi huku kwetu inasoma omu 2,000 hivi, injini ikiwa moto inashuka kwenye 300. Ikikatika kontroboksi inadhani uko kwenye barafu inamwaga mafuta. Eaflo mita usiifungue kile kifuniko cheusi kuchezea spring ndani. Wapo wanaoifanya ili gari ivute zaidi, wanaharibu kipimo kizima.

Kuwasha

Oili mpya na filta, maji na kulanti. Unganisha Fp na +B, acha pampu izunguke dakika mbili huku unapapasa kila muungo wa mafuta kwa mkono. Tone moja tu, hauwashi. Hakuna tone, toa kiwaya, piga.

Itawaka vibaya kidogo mana reli ina hewa. Ikishapata moto, unganisha T na E1 kwenye kile kiboksi, piga taimingi laiti, zungusha distributa mpaka nyuzi 5 kabla ya pistoni namba moja kufika juu. Toa kiwaya, utaona taimingi inapanda yenyewe, ndo kontroboksi imeshika kazi. Isipopanda angalia sensa ya throto, swichi yake ya sailensa haijaseti. Mpangilio wa moto 1-3-4-2 kama kawaida. Sailensa seti mizunguko 750 kwa dakika.

Halafu fungua kizibo cha oili gari ikiwaka. Inatakiwa itetemeke au izime. Kama haijali, kuna hewa inaingia mahali, mana eaflo mita inahesabu hewa inayopita kwake tu, hewa ya pembeni haijui. Dipstiki isiyobana, kizibo kilichochanika, bomba lenye ufa kati ya eaflo na throto, vile vizibo vya nusu mwezi nilivyokutajia, vyote vinaifanya ikose mafuta. Kwenye kabureta ulikua huvijali hivi.

Taa ya check engine ikiwaka, zima, swichi on, unganisha T na E1, hesabu inavyopepesa. Ikipepesa haraka bila kituo hamna kosa. Ikipepesa kwa vituo ni namba ya kosa, iandike uitafute.

Seti valvu upya ikiwa moto. Safari ya kwanza usiende mbali, nenda Pongwe urudi, fungua boneti, papasa mafuta, angalia maji kama yamepungua. Siku ya pili Muheza, kisha ndo panda Amani na mtu mwingine pembeni, tochi na kiwaya cha kupimia kwenye droo. Mimi yangu niliipandisha na magunia manne ya mkaa nyuma ili nione ukweli, na kule juu ilivuta gia ya tatu sehemu ambayo miaka yote nilikua nashusha ya pili. Ukifika kilometa 1,000 mwaga oili, rudia valvu, na toa filta ya mafuta uimwage kwenye sahani nyeupe. Ukiona kutu ya kahawia tenki lako linaoza, ndo kazi inayofuata.